Asante kaka fundi wa Gerezani

Kaka uliyenisaidia pale Gerezani, Dar, Jumamosi, jina lako sikulishika ila asante sana aisee. Amplifaya ya muziki wa gari ilikuwa ikichemka inawasha taa nyekundu inazima, aliyeifunga akasema sabufa imekufa ninunue nyingine. Wewe ukachomoa waya ukapima kwa mita, kumbe koili mbili za sabufa, kila moja omu 2 (omu ndo kipimo cha ukinzani wa umeme), zimeungwa sambamba zinatoa omu 1 na amplifaya haitaki chini ya 2. Ukaziunga mfululizo, chanya ya moja na hasi ya mwenzake, ikasoma omu 4. Halafu, hapa ndo nilikukubali, ukakwangua rangi ya bodi ya gari mpaka chuma kikang'aa ndo ukafunga ethi, ule waya hasi wa amplifaya. Hela ukakataa, soda tu. Mafundi wengine pimeni kwanza jamani, kabla hamjamnunulisha mtu sabufa nyingine.