Barua ya wazi kwa vijana wa kamera hapa Kigoma: hiyo 8K isubirini kwanza

Wanangu wa Mwanga, Gungu, Ujiji na nyie wa Katonga, marahaba. Nimesikia mmeanza kuchanga hela za kununua kamera ya 8K, yaani ya picha yenye pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) mara nne ya 4K, na kwamba mwenzenu mmoja kasema tusipopiga 8K leo basi kazi zetu baada ya miaka ishirini hazitatazamika. Huyu kanipigia simu, yule kanisimamisha sokoni na mfuko wa dagaa mkononi, nikaona bora niandike mara moja wote msome, maana mi sina bando la kumjibu kila mtu.

Mi kamera nimeibeba begani toka enzi za M9000, ile ya kanda kubwa ya VHS, harusi ikiisha bega moja limeshuka kuliko lingine. Nikaenda miniDV, zile kanda ndogo za dijitali, nikaenda HD, na kila nilipofika naambiwa hapa ndo mwisho wa reli mzee, huhitaji tena kubadilisha. Kwaiyo mkiniambia habari ya kamera ya kudumu nacheka kidogo, mnisamehe.

Ila nisiwe mzee mbishi, hoja yenu ina miguu. Sinema za zamani zilizopigwa kwa filamu ya milimita 35 leo zinatolewa upya kwa 4K na zinapendeza, kwa sababu negativu, ile filamu ya asili iliyokuwa ndani ya kamera, zilitunzwa, wanaziskani upya basi. Afu George Lucas, yule mtengeneza sinema wa Marekani, mwaka 2002 akatoa Star Wars yake iliyopigwa kwa kamera za HD, kila mtu akaona huyu katangulia, na leo ile picha imebaki na pikseli zake zile zile, ukitaka iwe 4K unaikuza kwa kompyuta tu. Hapo nawapa. Na hata kama kazi mnaitoa kwa HD, ukipiga 4K unaweza kukata fremu ukamsogeza mtu karibu, unaweza kutuliza picha uliyopiga ndani ya boti inayoyumba. HD ni pikseli milioni mbili na ushee, 4K ni milioni nane na ushee, mara nne. Nunueni 4K, hata iliyotumika.

Kwenye 8K ndo tunaachana. Chukua TV ya inchi 55, mtu mwenye macho mazima ili aone kila pikseli ya 4K inabidi akae kama mita moja tu kutoka kwenye kioo, na ya 8K asogee mpaka nusu mita, sasa huko ni kuangalia filamu au kutafuta chawa. Na watazamaji wetu tunawajua, wengi wako kwenye simu na YouTube wameishusha ubora hadi 360 ili bando lifike jioni.

Afu kuna suala la kuhifadhi ambalo naona hakuna aliyelipigia hesabu. Kamera ya Canon R5 ya mwaka 2020 ikipiga 8K RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa sana, inamwaga megabiti 2600 kwa sekunde, kadi ya GB 128 inajaa kwa dakika sita na nusu hivi, saa moja imekula zaidi ya terabaiti nzima. Mtapiga sherehe mpaka saa nane usiku mziweke wapi hizo? Na ilipotoka Canon wenyewe walisema kwenye joto la nyuzi 23 inapiga 8K dakika 20 afu lazima ipoe, sasa pale Kibirizi saa saba mchana nani atakuwekea nyuzi 23.

Mnajua kamera ya ARRI Alexa ya 2010? Sensa yake, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, haifiki 4K, mpaka Netflix walipoweka sharti la 4K kwa kazi zao ikabaki nje ya mlango, na wakati huo huo ndo iliyokuwa inapiga filamu zinazobeba Oscar ya upigaji picha mwaka baada ya mwaka. Watu waliipendea namna inavyoshika mwanga na ngozi ya mtu. Nyie hapa mnapenda kupiga jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, sawa, angalieni kazi zenu vizuri, lile anga limekatika michirizi michirizi kama ngazi. Hiyo ni 8 biti, kila rangi inapewa hatua 256 tu, 10 biti inapewa 1024. Ukipiga 8K ya 8 biti utapata ngazi zile zile, kali zaidi.

Sasa niwaambie kinachonikera mwenyewe. Mwaka 2004 nilimkalisha mzee mmoja pale Kibirizi, baharia wa zamani wa Liemba, ile meli ya ziwa letu la Tanganyika, nikapiga miniDV dakika 60 nzima. Mzee alinisimulia alivyohadithiwa na baba yake namna meli ilivyoinuliwa kutoka chini ya ziwa mwaka 1924, baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe 1916, nani alizamia, walikula nini, nyimbo gani waliimba wakivuta. Mi nilikuwa nahangaika na fokasi na lile jua juu ya maji, maiki nikaiacha ile ile ya kwenye kamera, wazi, upepo wa ziwa unapiga. Mzee akafariki. Mwaka jana mjukuu wake kaja na programu ya kukuza picha, tukaiweka, ikatoka 4K safi kabisa unahesabu ndevu, mjukuu akafurahi, afu tukaongeza sauti. Vuuuuu. Unasikia "baba akaniambia", afu vuuuu, afu mzee anacheka, afu vuuuu. Tulikaa pale mpaka kanda ikaisha, hakuna aliyeongea.

Kwaiyo hela hiyo, wanangu, igaweni. Bodi ya kamera ya 4K yenye 10 biti, lensi nzuri mbili kwa sababu bodi mtabadilisha na lensi zitabaki, maiki ya kubana kifuani na nyingine yenye manyoya ya kuzuia upepo. Na diski za kuhifadhia (hard disk), kila kazi iwe kwenye mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa, na kila baada ya miaka michache mhamishie kwenye mpya, msisubiri ife kwanza. Mi kanda zangu kadhaa zimeota ukungu kwa unyevu wa huku kwetu, nimezisafisha hadi zikaharibika na hedi yenyewe, kile kichwa cha deki kinachosoma kanda.

Zimebaki kama arobaini zinazocheza, za Ujiji, za stesheni, za ngoma za Kasulu, na deki ya kuzichezea imebaki moja nayo mkanda wake umeanza kuteleza. Nimetafuta kompyuta yenye tundu la faya waya (FireWire), lile la zamani la kuingizia video kutoka kwenye kanda, nikahamishe, nimeikosa. Kama kuna mwenye laptopu ya zamani ya baba au mjomba imelala kabatini, aiangalie ubavuni, na kama tundu lipo aje nayo Jumamosi asubuhi kabla umeme haujakatika. Waya ninao.