Barua kuhusu mndimu wako

Mpwapwa, Oktoba

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Mpwapwa. Sisi hatujambo, na ninatumaini nanyi hapo Nkuhungu, Dodoma, mu wazima. Picha za mndimu wako ulioanza kugeuka rangi ya majani nimezipata na nimezitazama kwa makini, nami nakuomba usinunue dawa yoyote ya kupulizia kabla ya kuuchunguza mti wenyewe, kwa sababu ninayoyaona hayafanani na kazi ya wadudu.

Jambo la kwanza ni kutambua ni majani ya umri gani yaliyogeuka rangi. Mti ukipungukiwa na virutubisho kama naitrojeni au magnesiamu, huvitoa katika majani yake ya zamani na kuvipeleka kwenye machipukizi, na ndiyo maana majani ya chini hutangulia kuwa manjano huku ncha za matawi zikibaki kijani. Chuma, ambacho nacho ni kirutubisho cha mti, hakihami kwa urahisi namna hiyo. Kikikosekana, majani machanga ndiyo yanayoumia: hupauka hadi kukaribia weupe, lakini mishipa yake hubaki kijani, ikaonekana kama wavu mwembamba uliotandazwa juu ya jani. Ndivyo yalivyo majani yako ya juu, na ya chini bado yana rangi nzuri.

Uliniambia kwamba shimo lilichimbwa kando ya ukuta, mahali ambapo mafundi walikuwa wakichanganyia zege. Hapo ndipo penye shaka yangu kubwa. Mndimu hupenda udongo wenye uchachu kidogo, wa pH (kipimo cha uchachu) 6 hadi 6.5, ilhali saruji huuondoa uchachu huo, na chuma kilichomo ardhini kikabaki katika hali ambayo mizizi haiwezi kuifyonza. Udongo wetu mwekundu umepata rangi yake kutokana na chuma, na bado mti unaweza kusimama ndani yake ukakikosa. Chukua udongo mkavu kidogo karibu na mizizi, uumwagie siki. Ukitoa mapovu, ujue chokaa imo. Jirani aliyekushauri kuweka majivu alikutakia mema, lakini majivu nayo huondoa uchachu, na kwa mti huu yatazidisha tatizo, na ninakusihi uyaache kabisa.

Nimeona pia ncha za kahawia kwenye majani machache ya zamani, zilizokauka kana kwamba zimeunguzwa. Hizo nazihusisha na chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na ukimwagilia kidogo kidogo kila jioni, maji hukauka kwa jua na chumvi ikabaki juu, penye mizizi. Ni afadhali umwagilie mara chache lakini kwa wingi, ndoo mbili au tatu kwa pamoja, ili chumvi ishuke chini, kisha uache udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia. Maji ya kufulia usiyamwage hapo.

Ile michirizi ya rangi ya fedha inayopindapinda kwenye majani machache ni njia za kiwavi mdogo anayeishi ndani ya jani, haitauua mti. Sisimizi wakipanda shina kwa wingi, hapo geuza majani utafute vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu.

Kwa kuwa mti bado ni mdogo, mimi ningeuhamisha mvua zikishakolea, niupande mbali na ukuta, kwenye shimo lenye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na kuuwekea matandazo ya nyasi yasiyogusa shina. Kwa sasa, ukipata mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani kwenye duka la pembejeo, inyunyize jioni jua likishapoa. Majani yaliyokwisha kupauka huenda yasirudi vizuri, kwa hiyo maendeleo yapime kwa yale yatakayochipua baadaye.

Ukishajaribu siki, niandikie matokeo. Unitumie pia kwa basi la Mpwapwa bahasha yenye jani moja la zamani na moja changa kutoka tawi lilelile, ukiyalaza ndani ya gazeti yasikunjamane. Wasalimie watoto na wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.