Andikeni Bei: Barua kwa vijana mnaochukua mzigo Kariakoo na kuuza mtandaoni

Marahaba wanangu, najua mmeshaniamkia hata kabla hamjaanza kusoma.

Hii barua ni yenu nyie mnaokuja dukani kwangu nyuma ya Mtaa wa Kongo, mnapiga picha mashuka na mapazia, mnaenda kuposti Instagram, TikTok na stetasi ya WhatsApp, mteja akipatikana mnarudi mbio kuchukua mzigo, mnaweka cha juu chenu, bodaboda anapeleka Goba au Mbagala. Sina ugomvi na biashara hiyo hata kidogo, mwenye fremu kodi inamkaba na nyie mnauza mkiwa kitandani, Mungu awazidishie. Ila mi nimekaa upande ambao wateja wenu hawauoni, naona nani anarudi kuchukua mzigo kila wiki na nani alikuja kwa kishindo mwezi mmoja akapotea, na tofauti yao siyo simu nzuri wala wingi wa wafuasi. Ni namna wanavyoishi na watu.

Naanza na hii ya bei maana ndo inaniuma zaidi. Mnaposti shuka zuri la sita kwa sita na foronya zake nne, mtu anauliza kwenye komenti "bei gani?", mnamjibu "njoo DM mpenzi". Kwani bei ina aibu gani jamani? Mi hapa dukani mtu akiniuliza bei nikamwambia njoo huku nyuma nikunong'oneze si atadhani namuuzia cha wizi. Sababu zenu nazijua, mmenieleza wenyewe, mnaogopa mwenye peji ya jirani ataiona ashushe buku mbili, sawa, lakini huyo jirani naye anachukua mzigo kwangu, bei anaijua kuliko wewe! Na wengine semeni ukweli, mnataka kwanza muichungulie profaili ya mteja, akionekana wa Masaki inapanda, wa Gongo la Mboto inashuka. Watu wanajua. Mama aliyelipa 45,000 akija kukuta shoga yake amechukua lile lile kwako kwa 30,000 hatakugombeza, atanyamaza tu, ila kwenye kikoba chao jina lako litajadiliwa kuliko marejesho.

Andika bei, andika na nauli ya bodaboda mpaka Kigamboni ni ngapi, mpaka Bunju ni ngapi, mzigo wa mkoani kwa basi ni ngapi, kama inabadilika weka "kuanzia". Wanunuzi wengi wa kweli hawalaiki wala hawakomenti, wanakuangalia kimya kimya, anapiga hesabu zake mshahara utoke, siku anayokuja anakuja na hela mkononi anasema nataka ile ya kijivu, naomba lipa namba. Huyo ukimficha bei humpati kabisa maana siyo mtu wa kuuliza uliza.

Halafu mkumbuke mteja wa Bongo ameshapigwa. Yeye au dada yake au jirani yake, kuna mtu alituma hela ya viatu akablokiwa. Nchi hii nani hajawahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020 na meseji bado zinaingia. Kwa hiyo mtu akisita kukutumia hela usimnunie wala usimwandikie "kama huniamini acha", mpe sababu ya kukuamini. Jina linalotokea akiingiza lipa namba lifanane na jina la peji yako, maana akiona jina la mwanaume asiyemjua kabla hajaweka namba ya siri anaghairi, na mi ningeghairi. Sura yako ionekane hata mara moja moja, watu wasikie sauti yako ukielezea kitambaa. Wa Dar mwache alipe mzigo ukimfikia, bodaboda unayemwamini atapokea. Wa mkoani ukishapeleka mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi mtumie picha ya risiti ya basi, namba ya gari na namba ya simu ya wanaopokea vifurushi kule, na mtumie kabla hajauliza, hiyo ya kabla hajauliza ndo yenye thamani. Mtu akishaanza kuuliza "vipi umetuma?" ujue roho yake imeshaanza kwenda mbio.

Ila msiniwekee skrini shoti za wateja mkijisifia, unakuta jina la mtu, namba yake, mpaka nyumba anayokaa, eti ushahidi kwamba mnafikisha mzigo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu kakununulia shuka, hakukuomba umtangaze. Muombe ruhusa au futa jina na namba.

Picha nazo. Pigeni mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, taa zangu za dukani zinafanya rangi ya maziwa ionekane njano afu mteja akipokea anasema siyo lenyewe na ana haki. Na acheni kuchukua picha za vyumba vya Ulaya huko mitandaoni, pazia limedondoka mpaka chini kwenye nyumba yenye dari refu, mteja wako ana dirisha la futi nne Tabata, atalia. Muulizeni vipimo vya dirisha na kutoka fimbo mpaka chini, muelekezeni namna ya kupima, hapo hapo mmeshakuwa washauri wake.

Sasa niwaambie habari ya binti mmoja kati yenu, simtaji jina atavimba kichwa. Wafuasi wake ni wachache kuliko wengi wenu na Kiingereza cha kuandika chini ya picha hana. Anachukua mzigo kwangu kuliko mtu yeyote. Ana daftari, la karatasi kabisa, kila mteja kaandikwa kanunua nini, rangi gani, anakaa wapi, kitanda chake ni tano kwa sita au sita kwa sita, na vitu vingine ambavyo mteja alivisema tu kwenye maongezi, mtoto anaingia kidato cha tano, mdogo wake ana kitchen party, wanahamia nyumba yao. Basi mwezi wa saba unapokaribia anamwandikia yule mama, mama nanihii hongera, nakumbuka kijana anaenda bweni, kuna shuka za bluu za shule zimeingia nikuwekee pea mbili? Anauza kabla hata ya kuposti. Wiki mbili tatu kabla ya Idi anajua nani hubadilisha mapazia, anawapa taarifa mapema kwa upole. Na kuna siku mteja wa Songea alipelekewa rangi ya damu ya mzee wakati alitaka kijivu, akaja juu kwenye komenti mbele za watu, yule binti hakufuta komenti wala hakublok, akajibu pale pale pole mama kosa ni letu, kijivu linaondoka kesho na nauli juu yangu, likaondoka kweli. Yule mama alirudi akaandika limefika, na walioyasoma yale majibizano wakaanza kuagiza, mpaka leo ana wateja wa Songea ambao sijui kama wanajua Kariakoo iko upande gani.

Nyie wengine komenti mbaya ikija mnaifuta, mnamtukana mtu DM, afu mnakuja kwangu mnasema soko gumu.

Wafuasi wa kununua sitaki hata kuwasikia. Unalipia wafuasi elfu kumi, wako sijui nchi gani, hawavai kanga wala hawatundiki pazia, ukiposti unapata laiki tano na mbili ni za shangazi yako. Hiyo hela ukiipromoti posti moja nzuri, ukachagua ionekane Dar na mikoa unayotuma, angalau inaenda kwa mtu mwenye dirisha.

Na magrupu! Grupu la msiba, watu wanakusanya rambirambi, katikati mtu anabwaga tangazo la mapazia ya shia, yale mepesi ya kupitisha mwanga, na emoji za moto. Aibu naona mimi. Grupu la mtaa, la wazazi wa shule, la kikoba, kaa humo kama mtu, toa pole, toa hongera, changia, mtu akiuliza "jamani nani anajua fundi wa fimbo za pazia" muelekeze hata kama huli kitu hapo. Watakujua kazi yako bila kelele, stetasi yako wataifungua wenyewe.

Kuna soko mnalipita kila siku hamlioni, wenye gesti na lodji. Sinza, Buguruni, Kibaha huko, wanabadilisha mashuka meupe kila baada ya muda na wananunua kwa wingi, tena wengi wana peji. Lakini msiwatumie ile "Habari, tunauza mashuka bora kwa bei nafuu" mliyoibandika kwa watu mia, hiyo hata mi nikitumiwa naifuta. Angalia peji yake, ona vyumba vyake, muandikie kitu kinachomhusu, kwamba bosi nimeona vitanda vyenu ni vya tano kwa sita, nina pamba nyeupe isiyopauka haraka, naweza kuleta moja mlijaribu kwenye kufua? Umlete au umpelekee, asikie mkononi. Na hawa watataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, kama huna TIN, yaani namba ya mlipakodi, nenda TRA ukaipate, usianze kupiga chenga maana mteja mkubwa anaondokea hapo.

Namba za wateja msiziache kwenye Instagram. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa saa kama sita, huku kwetu ilikuwa jioni saa ya biashara kabisa, na Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikawa inajikongoja siku kadhaa. Waliokuwa na namba walipiga simu za kawaida. Muombeni mteja asevu namba yenu na nyie msevu yake, maana ile brodikasti ya WhatsApp inakwenda kwa watu 256 lakini haimfikii ambaye hajakusevu. Tumieni WhatsApp Business, ni bure na ipo tangu 2018, ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri. Na wekeni ulinzi wa hatua mbili, mtu akikwambia nimekutumia namba ya uthibitisho ya tarakimu sita kimakosa naomba nirudishie, ni mwizi, usimpe hata kama ni namba ya kaka yako.

Mwisho ni la kwangu mimi na nyie. Wengi mnaomba mali kauli siku hizi. Anayeomba nitampa, lakini kabla ya kumpa nitafungua peji yake nisome anavyojibu watu, kama bei zipo, kama kuna malalamiko yamenyamaziwa, maana anavyomfanyia mteja ndivyo atakavyonifanyia na mimi siku ya kulipa. Njooni Jumanne au Jumatano mchana, siyo Jumamosi, Jumamosi hatusikilizani hapa. Na wenye madeni ya tangu kabla ya Idi, majina sitaji humu, simu zangu mnaziona.

Mama yenu wa mapazia, Kariakoo