Risala ya Kikundi cha Hisabati kwa Mgeni Rasmi: Ovali na Polinomia Zake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kufungua maonyesho yetu. Tunaomba utusikilize juu ya kazi iliyotushughulisha mwaka mzima, nayo ni kuainisha, kwa kutumia polinomia (semi za aljebra kama x² au x⁵ + x³ + x), makundi maalumu ya nukta yaitwayo ovali katika bapa lenye idadi ya nukta yenye kikomo.

Mheshimiwa, katika bango lililo mbele yako tumetumia namba tano tu, 0 hadi 4, na kila jawabu linalozidi 4 tumeligawa kwa 5 tukachukua baki. Parabola y = x² ina hapo nukta (0,0), (1,1), (2,4), (3,4) na (4,1). Tunakiri kwamba kwa macho haifanani na parabola hata kidogo. Hata hivyo, mstari wowote y = mx + c hukutana nayo pale x² = mx + c, na mlinganyo wa kipeo cha pili hauna majibu zaidi ya mawili, kwa hiyo hakuna nukta tatu zinazolala kwenye mstari mmoja. Tukiongeza nukta ya kufikirika iliyo mbali isiyo na kikomo, ambako mistari ya wima huhesabiwa kuwa inakutana, tunapata nukta 6.

Katika bapa linalotumia namba q badala ya tano, kundi la nukta q + 1 lisilo na nukta tatu kwenye mstari mmoja huitwa ovali, na mwaka 1947 mwanahisabati Bose alionyesha kwamba q ikiwa witiri idadi hiyo haiwezi kuzidiwa. Je, kila ovali ya namna hiyo ni koniki, yaani inatokana na mlinganyo wa kipeo cha pili? Wanahisabati Järnefelt na Kustaanheimo wa Ufini walidhani ndivyo, lakini Marshall Hall wa Marekani, aliyehakiki kazi yao, aliona jambo hilo haliingii akilini. Mwaka 1955 Beniamino Segre wa Italia alilithibitisha, na Hall mwenyewe akaandika kwamba huenda shaka yake ndiyo iliyomchochea Segre.

Uthibitisho wenyewe unatushangaza hadi leo kwa udogo wa kitu unachokitegemea. Kila nukta ya ovali ina tanjenti moja tu, yaani mstari unaoigusa ovali katika nukta hiyo peke yake, na Segre alichukua nukta tatu kama pembe za pembetatu, akazidisha miinamo ya mistari inayoziunganisha na nukta nyingine zote, akitumia ukweli kwamba zao la namba zote zisizo sifuri ni −1. Kwa namba zetu, 1 × 2 × 3 × 4 ni 24, yaani 4, ambayo ndiyo −1 kwa kuwa 4 + 1 hapo ni 0. Alama hiyo ya kutoa inazifunga tanjenti tatu pamoja, na kutoka hapo nukta zote hulazimika kutii mlinganyo mmoja wa kipeo cha pili.

Mheshimiwa, q ikiwa shufwa, yaani 4, 8, 16 na kuendelea, mambo hubadilika. Hapo namba yoyote ikijumlishwa na yenyewe hutoa sifuri, hivyo 2x, ambayo ni mwinamo wa tanjenti ya y = x², ni sifuri daima; kwa hiyo tanjenti zote zina mwinamo mmoja na hukutana kwenye nukta moja, ambayo tukiiongeza tunapata nukta q + 2. Isitoshe, x² ina washindani. Mwaka 1962 Segre alionyesha kwamba kwa q = 32, y = x⁶ nayo hutoa kundi la nukta q + 2 lisilo na nukta tatu kwenye mstari mmoja. Tulipoanza kuihakiki kwa mkono tulikosea katika ukurasa wa tatu, mpaka mwenzetu mmoja alipogundua kwamba kazi kubwa iliyobaki ni kuonyesha kwamba x⁵ + x³ + x hutoa kila namba mara moja tu. Tulimaliza jioni ileile.

Kwa q = 16 kuna aina mbili tu za makundi hayo ya nukta q + 2. Kwa q = 32 zipo sita, na ilibidi wanahisabati Penttila na Royle watumie kompyuta kukamilisha orodha mwaka 1994. Orodha ya kila q shufwa bado haijapatikana.

Ombi letu ni moja: turuhusiwe kuiacha kompyuta ya maabara ikifanya kazi usiku, ili tuzitafute wenyewe zile aina mbili za q = 16, nukta 18 kati ya 273. Programu tumeshaiandika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.