Wageni nao waione printa

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mitandao ya ofisi, na kila mgeni akifika swali ni lilelile: nitachapaje? Simu yake ingeweza kuitafuta printa yenyewe. Kanuni ya mDNS, yaani utaratibu wa vifaa kutafutana kwa majina, ilichapishwa rasmi mwaka 2013: simu inapiga hodi kwenye anwani 224.0.0.251, lango namba 5353, na printa au spika iliyo kwenye mtandao huohuo inaitika kwa jina. Haihitajiki seva ya kati wala namba za kukariri.

Kinachoniudhi ni mitandao ya wageni. Wasimamizi huzuia vifaa visionane, kisha mgeni anaambiwa printa haipo! Kuzuia kuna sababu, nakubali. Matangazo ambayo vifaa hurushiana katika kutafutana huko hubeba jina la kifaa, na wengi wetu simu zetu tumezipa majina yetu wenyewe. Mtu baki hapaswi kuyasoma. Lakini kwa nini kufunga kila kitu? Ruhusuni matangazo ya printa pekee yavuke, pamoja na njia ya kuchapa, simu za wageni zibaki zimetenganishwa. Vifaa vingi vya mtandao wa ofisi vina uwezo huo tayari. Wasimamizi wenzangu, uwasheni.

Fundi mitandao