Barua kwa mwanangu: ule mkono wa zamani ukate

Lubumbashi, Katuba, Jumatano usiku

Mama yangu,

Nakuita hivyo kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi, hata siku unazoniondolea usingizi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Picha imefika. Mkono wa nyuma uliopata, ule unaoshika gurudumu, ni mzuri: mabomba yamenyooka, matundu ya shokapu hayajapanuka, rangi ya kiwandani bado inaonekana chini ya vumbi. Kupata mkono mzima wa Yamaha XS650, pikipiki ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza tangu miaka ya 1980, si jambo dogo. Wazee wote wa barabara yetu wameshaambiwa kwamba binti yangu kauchimbua hadi Johannesburg. Nimewachosha.

Lakini pembeni ya picha, nyuma ya ndoo, nimeuona ule wa zamani. Pale palipokuwa na ufa sasa pana sudire mpya inayong'aa. Umeuchomelea. Mtu aliyekwisha kupata kitu kizima, kile kibovu anakichomelea cha nini?

Najua cha nini. Huo mzima ni mfupi na unaharibu umbo. Aliyeirembesha ile pikipiki kabla yako aliukata mkono akaurefusha kwa vipande vya bomba, ikalala chini kama mamba, na wewe ndicho ulichokipendea. Sasa nenda kaangalie vizuri ufa ulianzia wapi. Haukuanzia kwenye sudire, ulianzia pembeni yake, pale chuma kilipopata moto kikapoa. Ukichomelea tena umeuhamisha ufa, hujautoa. Kama unadhani ni maneno ya mzee, paka mafuta ya taa hapo pembeni, acha nusu saa, futa mpaka pakauke kabisa, halafu sugua chaki nyeupe, ungoje. Mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari juu ya chaki, mwembamba kama unywele. Ukiuona, waite na wale vijana wa garaji wauone. Usipouona, ukate vilevile.

Huo mpya nao usiufunge hivyo ulivyo. Yamaha alitia humo bushi za plastiki, vile vipete ambavyo mkono unazungukia, na zikilika mkono unacheza kushoto na kulia, pikipiki inakatika kiuno kwenye kona. Ndani ya soksi uliyopewa na dereva pamoja na barua hii mna bushi mbili za bronzi. Fundi wa kukereza wa komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi, amezitengeneza kwa vipimo vyako, na alisema aliyepima anajua kushika kalipa ya kupimia. Sikumwambia ni mwanamke. Nilipaswa kumwambia.

Usizigonge kwa nyundo. Zivute ziingie kwa bolti ndefu yenye washa nene huku na huku. Zikishaingia zitabana ndani, kwa hiyo zipelekwe kwenye mashine zikwanguliwe mpaka lile bomba la ndani lizunguke kwa kusukumwa na kidole bila kugongagonga. Hilo bomba liuzidi upana wa mkono kidogo tu, unene wa karatasi mbili hivi, ili bolti kuu ibane bomba, isibane mkono. Kaza nati, shokapu zikiwa bado hazijafungwa, nyanyua mkono halafu uachie. Ushuke wenyewe, taratibu. Kisha ushike kwenye ncha, uvute kwa upande kwa nguvu zako zote. Usisikie kitu.

Cheni itabaki ndefu, toa vipande. Kabla ya kuipima, nyanyua gurudumu mpaka pinyoni ya injini (ile gia ndogo inayovuta cheni), bolti ya mkono na ekseli vikae kwenye mstari mmoja, maana hapo ndipo cheni inapokaza kuliko popote. Ikilegea vizuri ukiwa umesimama tu, barabarani itakatika. Na kwa kuwa gurudumu limesogea mbele, lipandishe hadi juu kabisa uone kama tairi haligusi madigadi. Fimbo ya breki nayo itakuwa ndefu mno kama ilivyo. Haya mengine unayajua kuliko mimi.

Nasikia bado unataka kuja nayo kwa mahari ya yaya yako, yule mkubwa wako, Jumamosi ya wiki ijayo. Kilomita mia tatu, na njia nzima malori ya shaba na ya asidi. Basi lipo. Lakini kama lazima uje nayo, njoo na mkono mfupi.

Kuhusu ajali ya mjomba wako siwezi kukusimulia, ulikuwepo, ndiwe uliyemshikia kichwa. Humu nyumbani tumezoea kusema lori. Lori lilikuwepo, ndiyo. Lakini pikipiki ilikuwa imeshalala chini kabla lori halijafika. Mkono wa nyuma ulikatika, na asubuhi ile ulikuwa umetoka kwenye meza yangu. Sudire yangu mpaka leo haijaachia, kipande kiko chini ya kitanda, nitakuonyesha. Palipokatika ni pembeni yake, kama upana wa kucha. Mjomba anajua. Mama yako nadhani anajua. Ile kelele niliyokupigia siku ulipoacha chuo cha ualimu ukaja kuomba spana zangu, usiiweke yote kwenye hesabu ya ubishi.

Mengine: umeme tangu Jumapili tunauona usiku wa manane tu, mama yako anaamka saa nane kupiga pasi. Gunia la makala ya kupikia limepanda bei tena. Mvua ya kwanza imepiga, bati la jikoni linavuja palepale ulipoweka lami, kwa hiyo na wewe si kila kazi yako ni ya kusifiwa. Maembe ya jirani yanaangukia upande wetu na watoto wamekataa ugali wa bukari. Yaya yako anauliza kama utamchangia kreti mbili za vinywaji au moja. Nimemwambia moja, umetumia pesa Johannesburg.

Na ile sufuria kubwa ya mama yako uliyoiazima kwa wiki moja inahitajika kwa mahari. Kwenye pikipiki haipandi. Mpe dereva huyuhuyu anaporudi Jumatatu, na ndani ya sufuria weka vipande viwili vya ule mkono wa zamani. Viwili. Nitavihesabu.

Baba yako