Risala ya wanachuo tuliosoma hapa, kwenye mahafali ya kidato cha sita

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi, na nyie wadogo zetu mnaomaliza leo. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Sisi ni wanachuo tuliopita kwenye shule hii, wengine tuko UDSM, wengine UDOM, SUA na Mzumbe, na wapo walioamua kubaki karibu na ndizi za nyumbani wakasoma hapo Mbeya, MUST. Tumeombwa tusome risala. Tunajua risala kazi yake ni kuomba basi na maji ya bomba, lakini leo tumeona tuongee na wazazi kupitia kwako mgeni rasmi, maana wao ndo hawanaga semina yoyote ya chuo. Mtoto akifika kule anapewa wiki nzima ya kuoneshwa maktaba iko wapi, zahanati iko wapi, kontrol namba ya kulipia inatolewaje, mzazi yeye semina yake inaishia stendi ya basi pale anapokabidhi begi na godoro.

Na kazi inaanza kabla ya hiyo stendi. Mitihani ni mwezi wa tano, baada ya hapo wengi wataitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria na kule mambo ya kushinda na simu yasahauni, matokeo yanatoka mwezi wa saba wao wapo kambini, na dirisha la mkopo linafunguliwa kipindi hichohicho. Sasa nani atahangaika na makaratasi kama sio baba na mama? Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kama mzazi kafariki wanataka cheti cha kifo na chenyewe kihakikiwe, wanataka mdhamini na kitambulisho chake, fomu igongwe mhuri serikali ya kijiji alafu ipite kwa wakili au hakimu. Haya sio mambo ya kuanza siku mbili kabla dirisha halijafungwa na mtandao umeelemewa.

Tunaomba wazazi leo mkirudi nyumbani kabla hata hamjabadilisha nguo mtoe cheti cha kuzaliwa kabatini mkiweke pembeni ya cheti cha fomu foo, msome majina herufi kwa herufi. Huku Tusajigwe kule Tusajigwa, hiyo herufi moja tu inatosha kumkwamisha mtoto, kuirekebisha kuna viapo na foleni na nauli za Tukuyu mjini kwenda na kurudi. Wazazi wengine wanaona ni kitu kidogo, aisee sio kidogo.

Mgeni rasmi, sasa tuje kwenye hela, na hapa tutakaa kidogo.

Mwanafunzi mwenye mkopo wa chakula na malazi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, na haiji kila siku wala kila mwezi, inakuja kwa mkupuo, ndo tunaita bumu, na bumu la miezi miwili unakuta ni kama laki 6. Mzazi anayeuza viazi akisikia mtoto kasaini laki 6 kwa mara moja anaona huyu sasa kashatoka kimaisha. Lakini hosteli za chuo hazitoshi kila mtu, ukikosa unaenda kupanga gheto na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, hapo hujanunua mtungi mdogo wa gesi, ndoo, sufuria, hujalipa nauli za kila siku, hujatoa kopi za notisi, bando. Kinachobaki ndo ule miezi miwili. Wiki za mwisho watu wanapiga pasi ndefu, yaani unaunganisha chai ya asubuhi na chakula cha mchana, saa kumi jioni unakula ugali maharage mara moja mpaka kesho.

Na hapohapo bumu likitoka simu za nyumbani zinaanza. Mbolea imepanda, mdogo wako karudishwa ada, bibi anaumwa mguu. Tunaelewa jamani, tumelelewa kwenye shida hizohizo na hakuna anayefurahi kumnyima mama yake. Ila ile hela ni deni, mtoto akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe, kwa hiyo unapomwomba elfu 50 ya mbolea ya DAP unakula chakula chake cha wiki na bado atakuja kuilipa mwenyewe. Tunawaomba ule mwaka wa kwanza msiguse bumu. Mkishindwa kumtumia hela sawa, mtumieni gunia la viazi na mchele kwenye basi, kwa kweli gunia moja la viazi kwenye gheto la watu wawili linaheshimika kuliko hata hela.

Kingine, waambieni watoto ukweli wa nyumbani na nyie mkubali kuambiwa ukweli wa chuo. Kuna mwenzetu mmoja, jina tunalihifadhi, mkopo haukutoka awamu ya kwanza, haukutoka ya pili. Nyumbani akasema umetoka, sababu siku anaondoka mama yake aliuza ng'ombe wa maziwa na kumwambia mwanangu mimi nimemaliza. Sasa utapiga simu useme nini? Akanyamaza. Dirisha la rufaa likafunguliwa, kulikuwa na karatasi za nyumbani alitakiwa aambatanishe, akaona aibu kuziomba, likafungwa. Akaanza kukopa kwenye zile apu za mikopo ya riba kubwa, kausha damu, zile ambazo mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 zisizo na leseni, ukichelewa kulipa wanatuma meseji kwa kila namba iliyoko kwenye simu yako. Nyumbani walijua mtoto hana mkopo pale meseji ya deni ilipoingia kwenye simu ya mchungaji. Mama akasafiri usiku mzima kwa basi kwenda Dar kumfuata. Kama angejua mwezi wa kumi na moja, makaratasi yangetumwa na rufaa ingeenda.

Hapa shuleni mnapewa ripoti kila tukifunga, mnajua mtoto kawa wa ngapi. Chuo hakuna ripoti inayokuja nyumbani, matokeo yapo kwenye akaunti ya mwanafunzi na paswedi anayo yeye. Hakuna kengele ya prepo, hakuna matroni, usipoingia lekcha hakuna anayekuuliza. Mtu aliyekuwa wa kwanza hapa miaka yote anafika kule anakuta darasa lote ni watu waliokuwa wa kwanza, tesiti ya kwanza anapata tisa kwa ishirini. Semista ikiisha ana sapu mbili. Huku nyumbani tayari mnamuita daktari, kijiji kizima kinamuita daktari, akija likizo anapewa mkono na mwenyekiti. Hawezi kusema ana sapu. Anaogopa, anaanza kubeti arudishe hela, wengine wanakaa tu gheto hawaingii darasani na hawamwambii mtu.

Sapu ni mtihani wa marudio, upo kwenye utaratibu wa chuo, ukifaulu unaendelea. Hata mtoto akiumwa au akifiwa akachanganyikiwa kuna utaratibu wa kuahirisha masomo, anaandika barua na vielelezo, anaonana na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Anayepotea kimyakimya ndo anafukuzwa. Kwa hiyo mkipiga simu msiulize masomo yanaendaje, jibu lake ni vizuri, siku zote ni vizuri. Ulizeni leo umekula nini, rumeti wako anatokea wapi, mwalimu gani anakusumbua. Baba zetu mnapiga simu dakika moja mnauliza uko salama mnakata, tunawapenda hivyohivyo ila ongezeni dakika kidogo.

Na mtoto akisema kozi aliyochagua imemshinda, msimjibu siku hiyohiyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni matatu. Kwanza, utusaidie maofisa wa RITA waje hapa shuleni kabla ya mitihani ya mwezi wa tano wawahudumie wanafunzi na wazazi hapahapa. Pili, chumba cha kompyuta cha shule kifunguliwe kipindi cha maombi ya mkopo kiwe na intaneti na printa, maana stesheneri za mjini wanatoza wanavyojisikia, sisi wenyewe tutakuja kwa zamu kuwajazia wadogo zetu bure. Tatu, uongee na viongozi wa vijiji mhuri kwenye fomu ya mkopo ugongwe bila kuombwa hela ya soda.

Ndaga fijo, asanteni sana kwa kutusikiliza, tunaomba kuwasilisha.